Kilo Sabini na Nne

Al Mansoura, Doha
9 Septemba 2025

Loice,

Sikuulizi hali. Nitauliza nikishapoa.

Tangu katikati ya Agosti nimewapigia simu mara ishirini na sita. Kumi na nne kwako, saba kwa Mama, tano kwa Baba Mdogo. Kila mara mnapokea, nawasikia kabisa: "Halo? Halo? Nani?" Halafu mnakata. Mwanzoni nililaumu mtandao. Nikabadilisha laini, nikabadilisha simu, nikaazima ya Kiprop. Yeye akiongea mnamsikia. Nikishika mimi, halo, halo, mmekata. Sasa nimejua kwa nini mnajifanya viziwi, ndiyo maana naandika kwenye anwani ya maabara ya kompyuta ya shule yako. Mwalimu akitaka kusoma, asome.

Jana huyo Kiprop, ambaye tunalala naye chumba kimoja, aliniletea simu yake. "Buda, si huyu ni sistako?" Lilikuwa tangazo la filamu, dakika moja na sekunde hamsini. Wewe huyo ukingoni mwa mto Nyando na mtambo wa kuonya mafuriko: boya, waya, betri ya pikipiki, king'ora. Sauti ya mwanamke inasema, "Ana miaka kumi na saba, na aliubuni peke yake."

Peke yake! Mimi nilianza na redio mbovu za soko la Ahero nikiwa darasa la saba. Hakuna aliyenilipia chuo. Leo natengeneza lifti za majengo ya ghorofa thelathini na mbili, na mtambo huo niliuchora mwaka 2021 nyuma ya kalenda, wewe ukinishikia rula. Wewe uliongeza king'ora. Ni king'ora kizuri. Lakini king'ora si mtambo.

Hilo ningelimeza. Ila sekunde ya sitini na nane kuna kaburi. Udongo mbichi, msalaba wa mbao, na wewe umepiga magoti. Nilisimamisha picha nikaikuza. Msalaba umeandikwa jina langu.

Nataka maelezo. Usiniandikie "pole kaka". Maelezo.

Kaka yako,
Silvesta Omondi


Kano
13 Septemba 2025

Kaka Silvesta,

Nilipoona jina lako kwenye kompyuta ya mwalimu nilipiga kelele, darasa zima likanigeukia. Nafurahi umeandika.

Naomba usikasirike kabla ya kumaliza kusoma. Mtengenezaji wa filamu anaitwa Valerie, ametoka Nairobi, ni mtu mzuri. Walipofika waliuliza nani alinifundisha, nikasema ni kaka yangu. Wakauliza yuko wapi. Kabla sijafungua mdomo Baba Mdogo akawaambia ulichukuliwa na mafuriko ya mwaka 2020, mwili haukuonekana. Aliniambia baadaye kwamba kaka anayetengeneza lifti Uarabuni hamlizi mtu, na filamu isiyoliza haipati wafadhili. Mimi nilinyamaza. Hilo ni kosa langu.

Lakini kaburi ni la kamera tu. Ni udongo uliorundikwa, chini hakuna kitu. Mama hajambo, anakusalimu sana.

Kuhusu simu, kaka, hatujifanyi. Simu inalia, jina lako linatokea, tunapokea, na upande wa pili hakuna mtu. Hata kupumua hatusikii. Ni kama mtu ameiacha simu mezani kwenye chumba kikubwa akaondoka. Baba Mdogo amesema tusipokee tena.

Mdogo wako,
Loice


Al Mansoura, Doha
21 Septemba 2025

Loice,

Umesema chini hakuna kitu. Nimeisoma hiyo sentensi mara nyingi wiki hii. Sasa sikiliza mambo ya huku, wewe ni mtu wa vipimo, utanielewa.

Jumatano nilikuwa Fereej Bin Mahmoud, jengo la ghorofa kumi na nane, nakagua lifti. Kila lifti ina kipima uzito chini ya sakafu, ndicho kinachojua imejaa. Unaingia, skrini ya fundi inaonyesha kilo zako. Mimi ni kilo sabini na nne, kampuni ilinipima Julai. Nikaingia na begi la vifaa begani. Skrini ikasoma sifuri. Nikaruka-ruka kama mwendawazimu. Sifuri. Nikaweka begi sakafuni: kumi na moja. Nikaliinua: sifuri.

Nikabadilisha kipima. Kipya kikasoma vilevile. Nikamwita Kiprop, ambaye ni mlinzi hapo hapo chini, aingie. Themanini na mbili. Sisi wawili pamoja: themanini na mbili.

"Hii lift imekuchoka, buda," akasema. Akacheka, halafu akaacha kucheka. 

Mlango wa kioo wa supamaketi haunifungukii, nasubiri mtu mwingine aje nipite nyuma yake. Kwenye mkahawa tunapokunywa chai, Zainabu wa Tanga, ambaye amenihudumia miaka mitatu, jana alimwambia Kiprop, "Kaka, leo umekuja peke yako, mwenzio yuko wapi?" Nilikuwa nimeegemea kaunta yake. Nikasema, "Zainabu, acha utani." Akamimina chai moja.

Nimeangalia simu yangu. Simu ya mwisho ambayo Mama alinisikia ilikuwa Ijumaa tarehe 15 Agosti, dakika ishirini na mbili, tukaongea habari za paa. Ya kwanza kutosikika ni Jumapili tarehe 17.

Kwa hiyo nakuuliza mara moja. Jumamosi tarehe 16 mlizika nini?

Silvesta


Kano
26 Septemba 2025

Kaka,

Nimekudanganya mara tatu, na nitazitaja zote.

Ya kwanza: chini kuna kitu. Valerie alisoma mahali kwamba kwetu mtu akipotelea majini, huzikwa tunda la mwegea, yago, badala ya mwili. Akauliza kama tunaweza kufanya hivyo mbele ya kamera. Baba Mdogo akasema haina shida, ni maigizo. Wakachuma tunda moja refu, la kilo sita hivi. Lakini wazee walioitwa kushika majembe hawajui kuigiza, Kaka. Walifanya kama inavyofanywa. Walilifunga kwenye blanketi lako la kijivu la bweni, na shati lako la kijani. Walilitaja kwa majina yako yote. Walilishusha kichwa kikielekea upande unaotakiwa.

Ya pili: Mama hajambo, si kweli. Siku hiyo alikuwa sokoni Ahero, tulitaka tumalize kabla hajarudi. Alirudi mapema. Aliona udongo, watu, msalaba, jina. Alianguka pale langoni akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia, na kamera zilikuwa zinaendelea. Watu wa kamera walipoondoka tulimwambia ni filamu tu. Tulimwonyesha picha zako. Amenyoa nywele. Ukipiga simu anasema, "Muacheni apumzike."

Ya tatu: hakusalimu.

Filamu imechaguliwa, itaonyeshwa huko huko Doha mwezi wa Novemba kwenye tamasha, na mimi naletwa. Wafadhili watakuwa ukumbini. Wakiridhika watajenga mitambo tisa, kilomita kumi na nne za mto, nyumba mia nne na kumi na mbili. Mvua kubwa inaanza Machi. Valerie amesema hadithi isibadilike hata neno, kwa sababu mfadhili akigundua uongo mmoja anaondoka na yote tisa.

Nifanye nini? Mwandikie Valerie, mimi haniamini, labda wewe atakuelewa. Anwani yake iko kwenye bango la filamu.

Loice


Nairobi
2 Oktoba 2025

Kwa anayetumia jina la marehemu Silvesta Omondi,

Nimepokea barua zako nne. Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja na ninawafahamu watu wanaojitokeza filamu ikipata jina. Wengi hudai wao ndio wavumbuzi. Wewe ni wa kwanza kudai kuwa ndiye maiti.

Nilikuomba jambo rahisi, picha yako ukiwa umeshika gazeti la siku hiyo. Ulichonitumia ni picha ya kiti cha plastiki na gazeti juu yake. Sijui ulikusudia nini, lakini nilipomwonyesha mhariri wangu, yeye alisema gazeti halijalala kitini, limesimama hewani kidogo. Nimeifuta. Sipendi michezo ya aina hiyo.

Familia hii imepata msiba. Mama yake nilimrekodi mimi mwenyewe, na kilio kile hakifundishwi. Tafadhali usimwandikie tena yule binti.

Valerie
Mwongozaji


Al Mansoura, Doha
10 Oktoba 2025

Loice,

Huyo mwongozaji wako ananiita tapeli. Gazeti nilikuwa nimelishika mikono miwili. Kiprop ndiye aliyepiga picha, alitazama skrini, akanirudishia simu na hajanitazama usoni tangu siku hiyo.

Chumba chetu ni cha watu wanane. Sasa wanakata nyanya za watu saba. Si chuki, ningejua. Wanasahau tu, kama unavyosahau shoka la jirani uliloazima. Msimamizi alisoma zamu za wiki, jina langu halimo. Nikaenda kumuuliza, akainua kichwa kama mtu aliyesikia mlango ukigongwa, akarudi kwenye karatasi. Jana mgeni mmoja kutoka Uganda alionyeshwa kitanda changu. Aliweka sanduku lake juu ya shuka langu. Shuka lilikuwa bado na joto langu, Loice! Akasema, "Nani alilala hapa?" Kiprop akajibu, "Zamani."

Barua ndizo zinazofika. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu barua haihitaji mtu awepo.

Miaka mitatu nimejenga jina langu hapa kwa mikono, bila mjomba, bila cheti, na mmeninyang'anya kwa alasiri moja ili picha ipendeze. Nataka mambo mawili. Moja, chimbeni mtoe hilo tunda. Mbili, waambie watu niko hai.

Silvesta


Kano
30 Oktoba 2025

Kaka,

Nilichimba mwenyewe, mchana, Jumamosi ya Sabato Mama akiwa kanisani. Baba Mdogo alikataa kunisaidia. Alisema lililofunikwa kwa kilio halifunuliwi kwa jembe. Nilichimba futi nne.

Blanketi lilikuwepo. Limefungwa vilevile, kamba zilezile. Nilishika ncha nikavuta, halikusogea. Nikawaita vijana wawili wa kinu cha unga. Nilikuwa nimewaambia ni tunda, wakaja wakicheka, "Fundi, umeshindwa na tunda?" Mmoja akashika huku, mwingine kule, wakainua, na wakatazamana. Hawakucheka tena.

Tulilipeleka kinuni kwa mkokoteni. Vijana waliliweka kwenye mizani ya magunia pamoja na mkokoteni. Nilisoma mara tatu. Tukaondoa mkokoteni, nikaondoa kamba za nje, nikasoma tena.

Sabini na nne.

Sikulifungua, Kaka. Nilitaka, nilishika fundo. Lilikuwa na joto.

Baba Mdogo alipoambiwa alikuja mbio. Ni mara ya kwanza kumwona akiogopa. Alituamuru tulirudishe polepole bila kuligonga, na wakati wote alikuwa akilisemesha, "Samahani mwanangu, samahani." Kisha akaniketisha. Anasema kulichimbua hakusaidii. Kifo kilitangazwa, na ni lazima kitanguliwe mbele ya wale waliotangaziwa. Nikamwambia nitapita nyumba kwa nyumba. Nilipita, nyumba sitini na moja. Nikisema yu hai, wananishika mkono, "Pole mwanangu, tunajua ni vigumu." Baba Mdogo akasema, "Si hao. Kaburi hili lilichimbwa kwa ajili ya watu wa picha. Hao ndio wa kuambiwa."

Kwa hiyo ni Doha. Ni mimi, jukwaani, mbele ya wafadhili. Nikisema, naweza kukupata wewe na kupoteza mitambo tisa. Nisiposema, nakuacha kwenye blanketi.

Nimepiga hesabu usiku na mchana. Haitoki.

Loice


Al Mansoura, Doha
20 Novemba 2025

Loice,

Leo saa nne asubuhi nilikuwa mbele yako.

Nilijua hoteli yenu. Niliingia nyuma ya mbeba mizigo. Ulikuwa unakula mayai na Valerie, umevaa sweta la shule kwenye nchi hii yenye jua! Umerefuka. Nilisimama hatua tatu kutoka mezani nikasema jina lako, lile la utotoni, ambalo sitaliandika hapa. Uliinua uso. Ukatazama dirisha. Valerie akauliza, "Kuna nini?" Ukasema, "Hakuna," ukaendelea kula, lakini mkono ulivuta kiti kilichokuwa wazi pembeni yako. Basi nashukuru kwa huo mkono.

Najua hesabu yako. Nyumba mia nne na kumi na mbili, kila nyumba watu watano, ni watu elfu mbili na sitini. Upande huu, mtu mmoja. Usinipigie hesabu hiyo, mimi ndiye niliyekufundisha kujumlisha. Mtu mmoja huyo hakuombwa ruhusa. Hao elfu mbili wangeweza kuokolewa na hadithi ya kweli, ni ninyi mlioona haitoshi. Nina hasira, na sitasema kwamba sina.

Jumamosi, saa kumi jioni, nitakaa safu ya K, kiti cha kumi na nne. Wakikupa kipaza sauti, sema. Nyoosha kidole. Sema, "Yule pale."

Kaka yako,
Silvesta


Hotelini, Doha
23 Novemba 2025

Kaka,

Nilisema.

Filamu ilipoisha watu walikuwa wanalia. Valerie akanipandisha jukwaani, wafadhili watatu walikuwa mstari wa mbele. Mwanamke mmoja akauliza, "Ungependa kumwambia nini kaka yako kama angekuwa hapa?" Nikashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

Nikasema, "Kaka yangu hakufa. Baba Mdogo alidanganya na mimi nikanyamaza. Kaburi mliloliona ni la uongo. Mtambo aliuchora yeye. Anaitwa Silvesta Omondi, ni fundi wa lifti hapa hapa Doha, na amekaa pale, safu ya K, kiti cha kumi na nne." Nikanyoosha kidole. Mfasiri akatafsiri neno kwa neno, nilimsikiliza, hakuacha kitu.

Ukumbi mzima uligeuka. Halafu mtu mmoja akaanza kupiga makofi, polepole, na wote wakasimama. Walikuwa wanakipigia makofi kiti chako, Kaka. Mfadhili mzee alipanda jukwaani akanikumbatia, machozi yanamtoka, akaniambia hajawahi kusikia mtu akimpenda marehemu namna hiyo. Nikamwambia, "Mzee, nasema kweli." Akasema, "Najua, binti yangu. Najua." Mitambo yote tisa imekubaliwa. Valerie ananiita shujaa. Nimepiga kelele chumbani mpaka wakaita daktari.

Nilitazama K14. Palikuwa na mwanamke mnene mwenye mkoba mwekundu.

Ulikuja? Niambie hukuja. Niambie ulichelewa.

Loice


Doha
24 Novemba 2025

Loice,

Nilikuja dakika arobaini mapema. Nilikaa K14. Yule mwanamke alifika taa zikiwa zimezimwa, akaangalia tiketi yake, akaketi. Sikupata nafasi ya kuinuka. Filamu yote, saa moja na dakika kumi na tisa, tulikaa kiti kimoja na hakuna aliyembana mwenziwe.

Ulipoita jina langu nilisimama. Nilipunga mikono yote miwili. Watu mia tatu walinitazama na hakuna hata mmoja aliyeniona. Makofi yalichukua sekunde arobaini na moja. Sijawahi kupigiwa makofi maishani, na hayo nitayahesabu kuwa yangu, kwa sababu ulisema kila kitu, hata la Baba Mdogo, hata la mchoro. Hakuna ulichobakiza. Sina dai tena kwako. Kwa wengine bado ninalo.

Usiwafuate kuwasahihisha. Wakikuamini, mitambo itaondoka na mimi sitarudi. Nimeyaona macho yao. Chukua yote tisa, na usilie mbele yao tena, wanapenda mno.

Sasa shika kalamu. Kwenye filamu umekosea mambo mawili, na huyo mwongozaji hawezi kuyajua. La kwanza, boya umelifunga mita moja na sentimita themanini. Mwaka 2020 maji yaliingia kwa Mama yakiwa mita moja na sabini na mbili mtoni, nilipima alama kwenye ukuta wa daraja. Shusha mpaka moja na nusu, king'ora kilie kabla hayajaingia. La pili, wanataka mtambo wa kwanza uwe shuleni. Kataa. Uweke chini ya daraja la reli. Shuleni panapendeza kwa kamera, lakini maji hayapiti pale.

Silvesta Omondi
Fundi